Redio ya Mkononi Inapokataa Kusema Ziwani: Dalili na Vyanzo Vyake kwa Wapiga Kayaki

Redio ya mkononi ya majini, ambayo wengi huku kwetu huiita redio koo tu, hulaumiwa kwa makosa mengi ambayo si yake. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunza redio za kikundi kidogo cha wapiga kayaki wanaoshuka kutoka Mbeya kwenda Matema, kwenye ufuo wa Ziwa Nyasa, na katika redio nilizorudishiwa kwa maelezo kwamba zimekufa, zilizokuwa na ubovu wa kweli ndani yake ni chache. Nyingi zilikuwa kwenye chaneli isiyofaa, au zimejaa maji kwenye spika, au kitufe chake kimebanwa, au zilikuwa nzima kabisa ila mlima ulikuwa umesimama kati ya msemaji na msikilizaji. Mwongozo huu unafuata dalili kama zinavyomfikia mtu aliyeketi ndani ya kayaki, kisha unarudi nyuma kutafuta chanzo.

Kabla ya kushika bisibisi, jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu. Je, redio yangu inasikia? Je, redio yangu inarusha sauti? Je, yupo mtu mwenye redio iliyowashwa, kwenye chaneli hiyo hiyo, mahali ambapo mawimbi ya redio yanaweza kumfikia? Watu huanza na swali la pili na kulisahau la tatu, ingawa katika Ziwa Nyasa hilo la tatu ndilo linaloamua mambo mara nyingi zaidi.

Unaita, hakuna anayejibu

Chaneli 16, yaani masafa ya megahezi 156.8, ndiyo chaneli ya kimataifa ya kuitana na ya kuomba msaada wakati wa dhiki. Baharini, mpiga kayaki aliye karibu na njia ya meli za Dar es Salaam au Tanga ana sababu ya kutumaini kwamba akiita kwenye chaneli hiyo atasikiwa na meli kubwa, kwa kuwa meli hizo huiweka wazi. Ziwani hali ni tofauti. Vyombo vingi utakavyokutana navyo kati ya Matema na Lumbila ni mitumbwi ya wavuvi na boti za abiria ambazo hazina redio ya majini kabisa, kwa hiyo ukimya unaoupata huenda si dalili ya ubovu wowote. Anayekusudia kupiga kasia huko na aulize kwanza, bandarini na kwa wenye boti, ni nani aliye na redio, anaifungua saa ngapi na kwenye chaneli ipi. Jibu likiwa kwamba hakuna, basi msikilizaji mtamweka wenyewe: mtu mmoja wa kikundi abaki nchi kavu na redio yenye betri iliyojaa, pamoja na simu yenye mtandao ya kuwaarifu polisi au wenye boti mara tu atakapopokea wito.

Msikilizaji huyo akaapo ndipo penye siri ya jambo lenyewe. Masafa ya VHF, ambayo ndiyo ya redio hizi za majini, husafiri karibu kama macho yaonavyo, yakipinda kidogo tu kufuata mviringo wa dunia, na umbali yanaofika hutegemea urefu wa antena zote mbili kutoka usawa wa maji. Hesabu yake ni rahisi: tafuta kipeuo cha pili cha urefu wa kila antena kwa mita, jumlisha hivyo viwili, kisha zidisha kwa 4.12, nawe utapata umbali wa juu kabisa kwa kilometa. Antena ya mpiga kayaki aliyeketi ikiwa mita 1 juu ya maji, na mwenzake vilevile, jibu ni kilometa 8 na kidogo, na kwa hali halisi ya mawimbi, mwili wa mtu na antena fupi, ni busara kutarajia nusu ya hapo. Sasa mwondoe msikilizaji mchangani, mpandishe kwenye mteremko ulio mita 25 juu ya ziwa: kipeuo cha pili cha 25 ni 5, ukijumlisha 1 unapata 6, na umbali unaruka hadi kilometa 24 na ushei. Redio ni zile zile na betri ni zile zile, kilichobadilika ni mtu mmoja kupanda kilima kwa dakika kumi.

Hesabu hiyo hiyo inaonya kuhusu upande wa pili. Mtu aliyepinduka na kuelea ndani ya jaketi okozi, antena ikiwa sentimita 20 tu juu ya maji, mchango wake katika jumla hiyo ni chini ya kilometa 2, na kila wimbi linalopita mbele yake linamziba kabisa kwa sekunde kadhaa. Ndiyo maana wito wa dhiki hurudiwa, na ndiyo maana aliye majini hujitahidi kuinua redio juu kadiri mkono unavyofika, hata kama inambidi aongee kwa kupaza sauti kidogo.

Wengine hudhani dawa ya umbali ni kuongeza nguvu. Redio nyingi za mkononi zina wati 1 kwa hali ya chini na wati 5 au 6 kwa hali ya juu, na kitufe cha kubadilisha kati ya hizo mbili huguswa kwa bahati mbaya mara nyingi, hivyo ni vyema kutazama kwenye kioo kama alama inayoonekana ni ya juu au ya chini. Nguvu kubwa husafisha sauti iliyo dhaifu ndani ya upeo uliopo, lakini haisogezi upeo wenyewe. Mlima hauna habari na wati zako.

Sauti ilikuwepo, ikakatika ghafla ulipopita rasi

Upande wa mashariki wa Matema Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi majini. Mpiga kayaki anayeelekea Ikombe, kijiji cha wafinyanzi wa Kikisi ambao vyungu vyao hufika mpaka kwenye masoko ya Mbeya mjini, anapita chini ya miamba, na pindi ufuo unapojikunja sauti ya mwenzake aliyebaki Matema hukatika kana kwamba mtu amezima swichi. Hakuna cha kutengeneza hapo. Sogea nje kutoka ukingoni, mita mia mbili au tatu, mpaka uione tena sehemu alipo msikilizaji, na sauti itarudi. Upepo wa kusini ukiwa umeamka, yaani ule mwera wa miezi ya katikati ya mwaka, kusogea nje huenda kukawa na hatari kuliko ukimya wenyewe, na hapo ni heri kubaki karibu na ukingo. Kwa sababu hiyo kikundi chetu hukubaliana kabla ya kuingia majini ni nukta zipi za njia zina kivuli cha redio, na msikilizaji hupewa saa ambayo asiposikia kitu ndipo aanze kuwa na wasiwasi.

Ipo namna ndogo ya dalili hii isiyohitaji mlima. Sauti huja na kuondoka kila mwenzako anapogeuza kayaki. Chanzo mara nyingi ni mwili: redio imefungwa kifuani, antena imelala juu ya bega lenye maji, na kiwiliwili kizima kimesimama kati yake na wewe. Antena za VHF za majini hurusha zikiwa wima, kwa hiyo redio iliyolazwa kwa usawa inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake kabla haijaondoka kwenye kayaki. Itoe mfukoni, isimamishe, igeukie upande unaoita, kisha sema.

Mnaonana, mko chaneli moja, lakini hamsikilizani

Hii ndiyo dalili inayowachanganya watu kuliko zote, kwa sababu namba kwenye vioo vyote viwili ni moja. Chaneli za majini si za aina moja. Zipo ambazo kutuma na kupokea hufanyika kwenye masafa yale yale, na hizo ndizo zinazofaa kati ya chombo na chombo. Zipo pia zilizotengwa kwa mazungumzo ya chombo na kituo cha nchi kavu, ambapo chombo hutuma kwenye masafa mamoja na kusikiliza kwenye mengine yaliyo juu kwa megahezi 4.6. Kayaki mbili zikikaa kwenye chaneli 3, kwa mfano, zote zitatuma kwenye 156.150 na zote zitasikiliza kwenye 160.750, wala hazitakutana hata zikigusana ubavu. Tumieni chaneli za kati ya vyombo, ambazo kwa mpango wa kimataifa ni pamoja na 6, 8, 72 na 77, na mkubaliane moja kabla ya kuondoka.

Chanzo cha pili kiko kwenye mpangilio wa nchi. Redio iliyonunuliwa Marekani, au iliyoletwa na mgeni akaiacha kama zawadi, huja ikiwa imewekwa kwenye mpango wa chaneli wa Marekani, na kwenye kioo chake utaona herufi USA mahali ambapo ya mwenzako inaonyesha INT. Chaneli 16 iko sawa kwenye mipango yote miwili, kwa hiyo jaribio la pale ufukweni hupita vizuri, kisha mnapohamia chaneli nyingine mambo yanaharibika. Chaneli 22 ni mfano mzuri: kwenye mpango wa kimataifa ni ya masafa mawili, kwenye ule wa Marekani ni ya masafa mamoja. Huku kwetu mpango unaotakiwa ni INT. Njia ya kubadilisha hutofautiana kwa kila modeli, na kijitabu cha redio ndicho cha kufuatwa, maana kubahatisha vitufe ndiko kunakozaa tatizo hili mara nyingine.

Redio hizo hizo za Marekani huwa na chaneli za hali ya hewa zenye alama ya WX. Nimeulizwa zaidi ya mara moja kwa nini hazisemi kitu Matema. Zinapokea matangazo ya vituo vya Marekani na Kanada, na hapa hazina wa kumsikiliza. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania utaupata kwa simu au redio ya kawaida kabla ya kushuka, wala si kwenye kifaa hicho.

Cha tatu kinahusu kilichouzwa kwa jina la redio. Redio za walinzi na za wapagazi wa mlimani, nyingi zikiwa za masafa ya UHF ya megahezi 400 na kitu, zinafanana sana kwa umbo na za majini, na bei yake huvutia. Haziwezi kuzungumza na redio ya majini hata kidogo, na ikianguka majini huzama. Kama kikundi kizima kinazo na hazitoki nje ya kikundi, zitawasaidia kuitana, lakini chombo kingine chochote hakitawasikia.

Na mara moja moja tatizo linatokana na mahali pa majaribio. Watu wawili wakisimama bega kwa bega mchangani, mmoja akibonyeza kitufe, redio ya pili hupiga mluzi mkali au huziba kabisa, kwa kuwa nguvu inayoingia ni kubwa mno na sauti ya spika inarudi kwenye maikrofoni. Wakaamua zote mbili ni mbovu. Achaneni mita mia, wekeni wati 1, kisha jaribuni tena.

Kelele tupu, au kimya tupu

Kitufe au gurudumu la skwelchi huweka kizingiti: sauti iliyo dhaifu kuliko kizingiti hicho haipiti kwenda kwenye spika. Kikiwa chini mno, utasikia mvumo kama wa mafuta ya kukaangia maandazi bila kukoma, na mtu aliyechoshwa nao hupunguza sauti mpaka asisikie tena hata anapoitwa. Kikiwa juu mno, redio inatulia vizuri sana, na inatulia vilevile mwenzako aliye mbali anapoomba msaada. Hili la pili ndilo la hatari, maana halimsumbui mtu. Shusha skwelchi mpaka mvumo utokee, kisha ipandishe polepole mpaka ukatike, na uishie hapo hapo. Fanya hivyo ukiwa majini, wala si sebuleni Mbeya ambako taa na chaja za simu zina kelele zake. Mwenzako akizidi kwenda mbali, ishushe tena kidogo na uvumilie mikwaruzo.

Dalili nyingine inayofanana na hii ni neno la kwanza kuliwa. Mwenzako anasema "Usije huku", nawe unasikia "huku". Redio inayozunguka kwenye chaneli nyingi, au inayosikiliza chaneli mbili kwa zamu, huchelewa kidogo kusimama pale sauti ilipo, na redio inayotuma nayo huchukua nukta ya sekunde kupanda. Zima huo mzunguko mkiwa kwenye mawimbi makubwa, na mzoee wote kubonyeza, kuhesabu moja kimoyomoyo, ndipo mseme. Katika maneno ya hatari, kukanusha kusiwe kwenye neno la kwanza.

Wanakusikia lakini hawakuelewi

Upepo ukivuma moja kwa moja kwenye maikrofoni, anayepokea husikia ngurumo yenye maneno machache ndani yake. Geuza mgongo kwa upepo, au kama kayaki haikuruhusu, kinga redio kwa kiganja cha mkono wa pili, mdomo uwe sentimita tano hivi kutoka kwenye tundu la maikrofoni, na useme kwa sauti ya kawaida. Kupiga kelele kunaharibu zaidi, kwa kuwa redio hukata vilele vya sauti na maneno yakatoka yamebanwa.

Sauti ikisikika kama ya mtu aliyeinamia ndani ya mtungi, chanzo ni maji yaliyosimama kwenye wavu wa spika au tundu la maikrofoni. Hayajaingia ndani, yameziba mlango tu. Igeuze redio uso chini na uipige kwa kiganja mara kadhaa. Redio zenye mtetemo maalumu wa kutoa maji zitumie huo. Usichokonoe tundu hilo kwa sindano wala kwa mwiba, kwa sababu nyuma yake kuna utando mwembamba ambao ndio unaozuia maji, na ukiutoboa redio itakuwa ya nchi kavu kuanzia siku hiyo.

Redio imekuwa ya moto, betri inaisha, na husikii mtu

Hiyo ni dalili ya kitufe cha kuongelea kilichobanwa. Redio inayotuma haipokei, kwa hiyo mwenyewe haoni ajabu zaidi ya ukimya, ilhali wenzake wote wamezibiwa chaneli. Katika sauti ya aina ya FM redio yenye nguvu zaidi humeza iliyo dhaifu, na kama aliyebanwa kitufe yuko karibu na msikilizaji, wito wa aliye mbali hautapenya. Kuna siku tulisikiliza kwa muda mrefu mwenzetu mmoja akihema, akilaani jua na kuimba nusu ya wimbo wa kwaya, redio ikiwa kwenye mfuko wa jaketi uliobana, kila alipovuta kasia upande wa kushoto kitufe kikibonyea. Tulicheka. Baadaye tuligundua kuwa mwingine alikuwa amejaribu kutuita mara tatu ndani ya muda huo huo.

Redio nyingi hujikata zenyewe baada ya kutuma mfululizo kwa dakika 5, lakini ulinzi huo hauhesabu kitufe kinachobonyea na kuachia kwa zamu. Kufunga vitufe nako mara nyingi hakukifungi kitufe cha kuongelea. Dawa ni mfuko mpana zaidi au kubadilisha upande wa kuivaa, na kuangalia mara kwa mara kama taa nyekundu au herufi za TX zinaonekana.

Kwetu tunaotoka nyanda za juu kuna chanzo kingine ambacho wa pwani hawakijui. Mbeya mjini iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Chupa tupu ya maji uliyoifunga nyumbani asubuhi, ukifika Kyela imebonyea kama imekamatwa na mkono, kwa sababu shinikizo la hewa limeongezeka na hewa iliyofungwa imepungua kwa karibu sehemu moja ya saba. Mfuko wa plastiki usiopitisha maji, ukifungwa Mbeya ukiwa na redio ndani, unafanya vilevile: unaikumbatia redio na kukaza juu ya vitufe vyake. Ufungue ufukweni, uingize hewa, uufunge upya.

Betri inaonyesha imejaa, ukibonyeza kitufe redio inazima

Kusikiliza kunakula umeme kidogo sana, kutuma kwa wati 5 au 6 kunahitaji takriban ampea moja na nusu. Betri ya lithiamu iliyochoka inaweza kubeba kazi ya kwanza siku nzima na kuonyesha vijino vitatu kwenye kioo, kisha ikaanguka mara tu inapotakiwa ile ya pili. Kwa hiyo alama ya betri itazamwe ukiwa unatuma kwa nguvu ya juu, wala si redio ikiwa imetulia. Ikizima kwa wati 5 lakini ikafanya kazi kwa wati 1, bado unaweza kurudi nayo nyumbani salama. Shusha nguvu, ongea kwa ufupi, na ununue betri nyingine kabla ya safari ijayo.

Kabla ya kuihukumu betri, tazama shaba zake. Uchafu mwembamba wa rangi ya kijani au kijivu kwenye miguso huzuia umeme mkubwa huku ukiruhusu mdogo, na dalili yake ni ile ile. Kifutio cha penseli ya shule kinausafisha bila kukwangua. Maji ya Ziwa Nyasa hayana chumvi, na hilo hutufanya tuwe wazembe. Anayeenda Kilwa au Mafia na redio hiyo hiyo aisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila jioni, betri ikiwa imefungwa mahali pake, la sivyo miguso italika ndani ya likizo moja.

Wanaotumia kisanduku cha betri za kawaida za dukani wajue kwamba redio kadhaa hujishusha zenyewe hadi wati 1 zinapopewa betri hizo. Na ile tabia ya kuiacha redio kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inaiua betri ya lithiamu haraka kuliko matumizi.

Kitufe chekundu hakifanyi kitu

Redio zenye DSC zina kitufe chekundu chini ya kifuniko, kinachorusha wito wa dhiki wa kidijitali kwenye chaneli 70 pamoja na mahali ulipo kutoka GPS. Kikishikiliwa kwa sekunde kadhaa na redio ikakataa, karibu kila mara sababu ni kwamba haijaingizwa namba ya utambulisho, MMSI, ambayo ina tarakimu tisa. Usibuni namba, wala usinakili ya rafiki. Redio nyingi huruhusu kuiingiza mara moja au mbili tu, baada ya hapo lazima irudi kwa muuzaji, na namba ya uongo huwapeleka waokoaji kwenye chombo kisichokuwa chako. Masuala ya leseni za redio na masafa nchini yako chini ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na huko ndiko pa kuanzia.

Namba ikiwepo na mahali pako pasionekane, GPS haijapata setilaiti za kutosha. Chini ya miamba ya Livingstone nusu ya anga imezibwa. Washa redio mapema ukiwa Matema penye uwazi na uiache iwe imewaka. Hata hivyo wito wa DSC unapokewa na redio zenye DSC pekee, kwa hiyo kwenye ziwa letu usiuhesabu kuwa mbadala wa sauti. Kwa sauti, sema Mayday mara tatu, jina la chombo au kikundi mara tatu, mahali ulipo kwa alama ambazo mwenyeji anazijua, kwa mfano "kusini ya Ikombe, mita mia tano kutoka ufukweni", kisha kilichotokea, idadi ya watu, na msaada unaouhitaji. Achia kitufe usikilize. Kutoachia kitufe ni kosa ambalo mtu mwenye hofu hulifanya mara nyingi.

Ukungu nyuma ya kioo

Unyevu unaofutika kwa kidole uko nje, nao ni wa kawaida kwa kifaa kilicholala kwenye baridi ya Juni ya Mbeya kikafunguliwa kwenye joto la Kyela. Usiofutika uko ndani. Alama ya IPX7 maana yake redio imejengwa kustahimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, lakini hiyo ni redio mpya yenye mpira safi. Fungua betri, kagua mpira wa kuzuia maji pembeni mwote kwa kidole: punje moja ya mchanga au unywele mmoja unatosha kupitisha maji. Kagua pia mahali antena inapoingia, maana antena iliyolegea kidogo ni mlango wa pili wa maji, na wakati huo huo ni chanzo cha kurusha vibaya. Redio iliyoingia maji izimwe, betri itolewe, ikaushwe kivulini penye upepo kwa siku kadhaa. Kuizika kwenye mchele kunaiachia vumbi la mchele tu.

Ikibidi ifunguliwe, mpe fundi majibu ya yale maswali matatu badala ya kumwambia "haifanyi kazi", na ujue kwamba fundi mzuri wa simu si lazima awe na mpira mpya wa kuziba maji wa modeli yako. Redio ikitoka kwake, usiipeleke ziwani moja kwa moja. Jaza beseni, fungua antena na uikaze tena kwa mkono, itie redio ikiwa imezimwa, uikandamize chini kwa dakika kadhaa na kuiangalia. Viputo vichache vya mwanzo hutoka kwenye wavu wa spika na si kitu. Mstari mwembamba wa viputo vinavyoendelea kupanda kutoka shingo ya antena au ukingo wa betri unaonyesha mahali hasa pa kurudishia kazi kwa fundi.